Waya wa Mwanga wa Diwaniya ya Baba

Rajabu 24, Ijumaa

Leo ni Sikukuu ya Taifa na watoto mtaani wanamwagiana maji tangu asubuhi, lakini humu ndani hakuna sikukuu. Baba katamka neno ambalo sikutarajia kulisikia akiwa hai. Tulikuwa diwaniyani, chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Qadsiya, ambamo wanaume wamekuwa wakija kubarizi naye kila jioni tangu kabla sijazaliwa. Wageni walikuwa wameshaondoka. Alikuwa anakoroga chai isiyo na sukari. Daktari alimkataza sukari, kukoroga hakukatazwa.

"Baada ya Idi naifunga," akasema.

"Unafunga nini, baba?"

Hakujibu. Nikarudia kwa sauti zaidi.

"Hii," akasema, akionyesha matakia kwa kijiko. "Watu wamechoka, na mimi nimechoka. Mama yako akitaka aifanye chumba cha kushonea."

Mama hajawahi kushona hata kifungo.

Baba bila diwaniya ni mtu wa kukaa chumbani akihesabu dawa zake. Nimeona wazee wa mtaa huu walivyomalizika. Hufunga mlango wa mbele, na mwaka haupiti wanafunga na ule wa nyuma.

Sababu naijua. Baba hasikii vizuri, na hakuna mtu humu nyumbani anayethubutu kulitaja jambo hilo. Mimi nina duka la miwani kule Salmiya. Kila siku huja mtu asiyeona herufi kubwa ukutani akaniambia karatasi yangu imechapwa vibaya, nami namweleza ukweli kwa upole kisha namuuzia miwani. Baba naye husema hivyo hivyo: watangazaji wa siku hizi wanamung'unya, spika zimekufa, waigizaji hawafundishwi kusema. Wateja wa dukani nawaambia. Baba yangu siwezi. Sikio halizidi kichwa.

Basi kama kosa ni la televisheni, nitaitengeneza televisheni.

Rajabu 27

Nimeamua. Kabla ya Ramadhani diwaniya itakuwa sinema ya nyumbani: skrini mpya, spika pande zote, maneno yatoke safi kama maji ya chupa. Baba atasikia, atacheka na wenzake, atasahau habari ya kufunga. Jirani yetu Bu Talal, yaani baba Talal kama tunavyoitana hapa, ana skrini kubwa kama mlango wa gereji, na nusu ya wageni wetu wameshahamia kwake.

Mama anasema ninajichosha. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, kisha akashika mdomo wake mwenyewe kwa jinsi methali ilivyomtoka.

Shaabani 1

Tatizo la kwanza ni amplifaya. Baba aliinunua miaka michache baada ya Ukombozi, yaani baada ya vita tulivyovikimbia na kurudi tukakuta nyumba imeporwa mpaka swichi za ukutani. Ndiyo kitu cha kwanza cha anasa kilichoingia tena humu, na hataki kusikia habari ya kuibadilisha. Ina taa za kijani usoni zinazopanda na kushuka sauti inapotoka. Ametaka iwekwe juu ya meza fupi mbele ya kiti chake, hapo hapo, wala si kabatini. Nadhani anajivunia tu.

Nimeunganisha skrini kwa waya wa kawaida. Spika zote zikaanza kunguruma, mmmmm, hata kabla mtu hajasema neno.

"Duaij umetuletea nyuki?" akapiga kelele Bu Shamlan.

Huyu ni rafiki wa baba tangu ujana, zimamoto mstaafu, mtu ambaye hajui kusema kitu bila kukitangazia mtaa mzima. Simpendi. Najua ni dhambi kumwandika hivyo, lakini shajara ni yangu.

Shaabani 2

Nimekwenda Hawalli kwenye duka la Wagdi, Mmisri anayeuza nyaya za kila namna. Nilimweleza nyuki wangu.

"Huo umeme unavuja, bosi. AC, taa, jokofu, vyote vinaimba ndani ya waya wako. Unataka waya wa mwanga. Hauna umeme, unapitisha mwanga tu. Amplifaya yako ina kitundu chenye kimlango kidogo?"

Nikamwambia kipo. Akanitandikia nyaya tatu juu ya kioo cha meza.

"Huu una uzi wa plastiki. Huu una uzi ule ule wa plastiki ila umevaa suti. Huu ni wa kioo."

"Upi bora?"

"Kuna wa kusikia na kuna wa kuonyesha. Wewe, bosi, una masikio au una wageni?"

Swali hilo lilinikera, sijui kwa nini. Nikauliza kuhusu kona. Waya utapita chini ya matakia, utazunguka pembe mbili za chumba. Akasema usikunjwe kama suruali, upewe mzunguko mpana, maana mwanga ukibanwa unakata tamaa. Nikauliza kama mtu mzito akikalia takia juu yake. Nikauliza joto. Nikauliza kama urefu unapunguza maneno. Nyuma yangu palikuwa na foleni.

"Bosi," akasema Wagdi, "unanunua waya, huozeshi binti."

Nimechukua wa plastiki, mwembamba. Njiani nimegeuza gari mara moja kurudi kuubadilisha, halafu nikaona haya.

Shaabani 3

Sijalala vizuri. Nawaza zile pembe mbili.

Shaabani 7, Alhamisi

Nimeulaza waya mwenyewe, nikiinua takia moja baada ya jingine. Nikawasha. Kimya. Hata nyuki hayupo. Nikachomoa, nikachomeka, nikabonyeza kila kitu chenye kitufe, jasho likinitoka mbele ya watu wote.

"Una kofia," akasema baba.

"Nini?"

"Waya wako. Umeuchomeka na kofia yake."

Kweli, kile kifuniko kidogo cha plastiki kilikuwa bado kwenye kichwa cha waya. Baba alikiona kutoka kitini kwake, upande wa pili wa chumba. Mwanawe ni mtaalamu wa macho, yeye hahitaji miwani yangu hata kidogo. Bu Shamlan akacheka mpaka akakohoa.

Nikavua kofia, mwanga mwekundu ukaonekana, nikachomeka, na sauti ikaja. Nilisikia mtangazaji akivuta pumzi kati ya neno na neno. Nikamtazama baba. Alikuwa ameiinamia amplifaya, anatabasamu.

"Zinacheza vizuri," akasema.

Nimefurahi usiku kucha.

Shaabani 8

Mama kaja na chetezo. Jambo hili liko hivi: kitu kipya hakikai ndani ya nyumba yetu bila kufukizwa udi, kiwe gari, kanzu au mtoto. Akapitisha moshi nyuma ya skrini, chini ya spika, akafika kwenye amplifaya akasimama.

"Kitoe hicho kidude, kipate moshi vizuri. Watu wamekitolea macho jana."

"Mama, ni waya tu."

"Hata Bu Shamlan alicheka. Kicheko nacho kina jicho."

Basi nikachomoa kichwa cha waya, nikakishika juu ya makaa, mama akasoma sura za Falaki na Nasi. Kisha upande wa skrini, hivyo hivyo. Naandika haya nikijicheka. Mteja akifanya hivyo na kioo cha miwani ningempokonya. Lakini nilipourudisha waya mahali pake moyo wangu ulikuwa umetulia, kwa mara ya kwanza tangu niununue.

Shaabani 15

Mama kafukiza tena. Nimemshikia waya.

Shaabani 21

Vumbi. Mchana umekuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Msimu wa sarayati, dhoruba za ghafla za kila mwaka, umeanza mapema, hewa inabadilika saa kwa saa na mimi nabadilika nayo.

Shaabani 26

Baba anakuwa mkali kwa watu wa ajabu. Leo kamtukana mwigizaji kwa kuwa ana masharubu marefu. "Mtu anafuga zulia juu ya mdomo halafu anataka tumwelewe." Jana kamtukana mwingine aliyeongea akiwa ameipa kamera mgongo. "Hana adabu. Baba yake hakumfunza kuwatazama watu." Mimi nimeongeza sauti. Mama akagonga ukuta kutoka ndani, akisema hata kuku wa jirani wanafuata hadithi.

Ramadhani 1

Mwezi mtukufu. Tamthilia ya mwaka huu ni ya ndugu wawili waliorithi duka moja la mboga na hawasemezani. Baba kaipenda. Wageni wamekuja wachache, lakini wamekuja.

Ramadhani 3

Bu Shamlan ameanza tabia mpya, au labda ni ya zamani na mimi sikuwahi kuiona. Anakaa akiipa skrini mgongo, uso kwa uso na baba, na kila neno la kuchekesha likipita analirudia kwa sauti ya king'ora. "Kasema jokofu! Kasema jokofu ni mke wake!" Nimehangaika wiki nzima na waya ili neno lisipotee, na huyu mtu anayasaga maneno yote kwa meno yake. Nimemwambia, kwa heshima, "Ami, tunasikia." Akanitazama tu, kisha akarudia tena.

Ramadhani 4

Sauti imekatika kidogo leo. Ta, ta, kama mtu anayepepesa jicho. Ikarudi.

Ramadhani 5

Ta, ta, ta.

Ramadhani 6

Nimenunua ule uliovaa suti. Mama alikuwa ananisubiri mlangoni na chetezo, kwani sasa katika Ramadhani anafukiza kila siku kabla ya wageni kuja. "Wa kwanza umepigwa jicho," akasema. "Huu tuushike mapema." Nikaushika juu ya moshi mpaka vidole vikaungua.

Ramadhani 7

Safi kabisa. Alhamdulillahi.

Ramadhani 10

Ta.

Ramadhani 11

Nimekuwa mgonjwa wa waya. Nikiwa dukani nampima mtu macho, nasikia ta ta ndani ya kichwa changu. Nikifika nyumbani nachomoa, natazama mwanga mwekundu, nachomeka. Naona kama mwanga ni dhaifu kuliko jana, halafu najiambia ni wasiwasi. Mke wangu Dalal ameniuliza leo kama ningependa na yeye aote taa nyekundu usoni ili nimtazame.

Nimerudi Hawalli.

"Wa kioo," nikamwambia Wagdi kabla hajafungua mdomo.

"Bosi, katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyerudi kwa waya huu mara tatu. Watu wanaununua wanausahau. Humo nyumbani kwako mnaufanyia nini?"

"Hatuufanyii kitu. Tunautunza."

"Hapo ndipo ninapoogopa," akasema.

Ramadhani 13

Leo baba kaniita akiwa peke yake. Anataka ghabga siku ya kumi na tisa, karamu ya baada ya tarawehe, kabla halijaingia kumi la mwisho. Awaite wote, mpaka waliohamia kwa Bu Talal.

"Wale washibe," akasema, "halafu nitawaambia."

"Utawaambia nini?"

Nilikuwa nimesimama pembeni yake. Hakugeuka. Nikazunguka nikasimama mbele, nikauliza tena.

"Kwamba nafunga," akasema. "Mtu haondoki kwenye diwaniya yake kama mwizi. Anaagana na watu."

Nikamwambia asubiri, nimeleta waya wa kioo, sauti sasa itakuwa kama vile waigizaji wako humu chumbani. Alinipigapiga bega. "Wewe ni mwana mwema," akasema, na maneno hayo yalinitia hofu kuliko kama angenigombeza.

Ramadhani 14

Siku ya watoto kuzunguka na vifuko vyao wakiimba na kupewa karanga na peremende. Baba alisimama mlangoni akiwagawia, akawasifu kwa sauti zao nzuri.

Ramadhani 16

Ta, ta. Na huu ni wa kioo.

Ramadhani 19, usiku

Naandika na mikono yangu bado inanuka udi.

Alasiri ngurumo zilianza upande wa Jahra, vumbi likaja kwanza, kisha mvua ya matope ikapaka magari yote rangi moja. Nilisema moyoni watu hawatakuja. Walikuja. Walikuja hata wale wa Bu Talal, na Bu Talal mwenyewe akiwa na sahani ya halwa mkononi kama mtu mwenye hatia. Viatu vilijaa mpaka nje ya kizingiti. Mama alikuwa ameshapita na chetezo mapema, na mimi nimemshikia waya, pande zote mbili, muda mrefu kuliko siku zote kwa sababu usiku wa leo ndio wenyewe. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya waya. Nimefika huko.

Wakala harisi, wakala machbusi, wali wa viungo na nyama ya kondoo. Baba alikuwa kitini kwake, ghutra yake, kitambaa cha kichwani, imepigwa pasi, kanzu nyeupe pe, anamtazama kila mtu usoni anapozungumza naye. Tamthilia ikaanza. Sauti ilikuwa safi sana. Nilikaa karibu na mlango, rimoti mkononi, sikuonja kitu.

Usiku wa leo kaka mkubwa alikuwa anamtafuta mdogo wake ambaye ameuza kibao cha duka. Mdogo akaingia kujificha ndani ya friza, katikati ya kuku wa barafu. Na hapo hapo, ta, ta, sauti ikakatika.

Kwanza nilidhani ni ukimya wa mchezo wenyewe. Kisha nikamwona kaka mkubwa anafoka, mishipa ya shingo imemtoka, na haisikiki hata herufi moja. Wanaume wakaanza kugeuza shingo kunitazama. Nilisikia mvua ikigonga AC kwa nje. Nikainua rimoti.

Baba akacheka.

Akacheka kwa sauti, mahali penyewe pa kucheka, pale kichwa cha mdogo kilipochomoza kimeshika barafu kwenye nyusi. Akapiga paja lake. Akamgeukia Bu Talal aliyekaa ubavuni mwake, machozi ya kicheko yanamlenga, akasema, "Umemsikia?"

Chumba kizima kikanyamaza. Sijui kama nitaweza kuuelezea ukimya ule. Nyaya zangu tatu, pembe zangu mbili, usiku wangu wote wa kukosa usingizi, na kumbe halikuwa linamfikia hata neno moja. Si kidogo, si nusu. Alikuwa anasoma midomo. Alikuwa anatazama taa za kijani zipande ili ajue kuna sauti, na nyuso zetu ili ajue ni ya namna gani. Na sasa alikuwa anazitazama nyuso zetu na hakuna iliyokuwa inacheka. Tabasamu lake likaanza kushuka taratibu.

"Nimemsikia, Mungu amlaani," akanguruma Bu Shamlan. "Nimemsikia vizuri sana." Na akacheka kicheko chake kile kinachotikisa vikombe.

Bu Talal akacheka. Kisha binamu zangu. Kisha wote. Mimi nilikuwa nimeinuka niende kwenye waya, Bu Shamlan akanikamata pindo la kanzu akanivuta chini.

"Kaa," akasema bila kunitazama. "Tunasikiliza."

Wakakaa hivyo mpaka mwisho wa sehemu ile. Wanaume wazima, wengine na ndevu za mvi, wengine vijana ambao kwa kawaida hawawezi kukaa bila simu, wanatazama skrini bubu. Baba akicheka wanacheka. Baba akitikisa kichwa kwa masikitiko wanasema la haula. Hakuna aliyechungulia saa. Nilitaka kulia, nikawa nacheka pamoja nao, na nilimwonea haya Bu Shamlan kwa kila neno nililowahi kumwandika humu.

Mwishoni babu yao wale ndugu alitokea, akakaa akiipa kamera mgongo, akazungumza kwa muda mrefu. Majina yakaanza kupanda kwenye skrini.

"Mzee kasema nini pale?" akauliza baba. "Alitupa mgongo."

Bu Shamlan akajikohoza.

"Kasema mali ya ndugu haina mwenyewe."

"Naam," akasema Bu Talal, "na wasameheane."

"Na kesho waende polisi," akasema binamu yangu, wakati mmoja naye.

Baba akawatazama, mmoja, wa pili, wa tatu. Kisha akashusha macho kwenye amplifaya. Taa za kijani zilikuwa zimelala chini kabisa. Akazitazama muda mrefu.

"Duaij," akasema. "Zimelala tangu lini hizi?"

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake ili auone mdomo wangu. Sikuweza kumdanganya.

"Tangu alipoingia kwenye friza, baba."

Akainua uso. "Na nyinyi mmekaa mnacheka."

Nilifikiri, sasa anasimama, sasa anawaambia, na hatatoka tena chumbani kwake. Bu Shamlan akaweka kikombe chini. Akavua agali, ile kamba nyeusi ya kichwani, akavua ghutra, akaiweka mapajani. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Ana upara mtupu, na nyuma ya sikio la kulia kilikuwepo kidude cha rangi ya ngozi, ukubwa wa punje ya haragwe, na waya mwembamba ukiingia ndani.

"Miaka sita," akasema, kwa sauti ya chini, kama watu wengine. "Ving'ora vilinimaliza. Ghutra ni neema ya Mungu, inasitiri."

Baba alikikodolea macho.

"Ndiyo maana unapiga kelele kama gari la moto."

"Napiga kelele kwa ajili yako, bwana. Mimi betri yangu nzima."

Mtu mmoja kicheko kikamtoka puani, akajaribu kukizuia, akashindwa. Baba mwenyewe ndiye aliyefuata. Alicheka mpaka ghutra ikamteleza, na safari hii kila mmoja alijua anachokicheka.

Alipotulia alijifuta macho, akawatazama wote mle chumbani.

"Nilikuwa na jambo la kuwaambia usiku huu," akasema. "Nimelisahau. Leteni kaimati."

Ramadhani 20

Nimechukua kitambaa cha kufutia miwani, nikafuta kichwa cha waya wa kioo. Kitambaa kikatoka na doa la kahawia lenye kunata. Nikakinusa. Udi.

Nikaenda kabatini nikautoa ule wa suti, na ule mwembamba wa kwanza, nikafuta vichwa vya zote mbili. Madoa yale yale. Nikauchomeka ule wa kwanza, wa bei ya chini. Sauti safi, hakuna ta hata moja. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi, mtu ninayekula kwa kufuta vioo, nimeyapaka moshi macho ya waya kwa mkono wangu kila siku, kwa bismillahi, na kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidisha moshi.

Mama nimemwonyesha kitambaa. Akakitazama, akasema, "Basi jicho lilikuwa kali sana, likanata."

Nimepita Hawalli kumweleza Wagdi. Aliweka mikono yote miwili kichwani. Kisha nikamwambia nina jibu la swali lake la siku ile, kama nina masikio au nina wageni.

"Eh?"

"Tuna wageni," nikamwambia.

Shawwali 1

Idi. Mlango wa mbele haukufungwa tangu alfajiri. Mtu mmoja alimsalimu baba kutoka pembeni, na baba akamshika kidevu, akamgeuza uso, akasema mbele ya watu, "Rudia. Sikusikia." Sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo.

Shawwali 3

Tumekwenda kwa daktari wa masikio, baba, mimi na Bu Shamlan, ambaye alijialika mwenyewe. Kwenye chumba cha kungojea walibishana kuhusu betri mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Shawwali 12

Vidude vya masikio vya baba vimekuja leo. Tulikuwa diwaniyani kabla ya wageni, yeye ameviweka kwenye kiganja anavitazama kama mtu aliyepewa vifaranga. Mama akaingia na chetezo.

"Vipya hivyo," akasema. "Vilete huku vipate moshi."

Baba akanyoosha mkono. Mimi nikaruka kutoka kitini, nikavichukua, nikavifumbata kwa viganja vyote viwili, nikakaza. "Pitisha, mama," nikasema. Akapitisha. Moshi ukazunguka ngumi zangu, akasoma alichosoma, akaridhika, au alijifanya kuridhika.

Kisha nikavifungua, nikamvalisha baba, sikio la kulia na la kushoto, nikabonyeza pale nilipofundishwa kubonyeza. Alikunja uso. Akatazama skrini, ilikuwa imezimwa. Akatazama amplifaya, taa zimelala. Akageuza kichwa upande huu na ule, akitafuta.

"Ni nini hicho?"

"Kipi, baba?"

"Hicho. Tk, tk."

Hatukusikia kitu. Tukatega masikio. Kisha mama akashusha macho kwenye chetezo mkononi mwake, akakisogeza karibu naye.

"Ni makaa, Bu Duaij," akasema. "Yanalia yakishika udi."

"Tangu lini yanalia?"

Mama akakaa kando yake, kitu ambacho huwa hafanyi diwaniyani, akaweka chetezo sakafuni kati yao, nao wakayasikiliza mpaka hodi ya kwanza ilipobishwa mlangoni, na baba akawa wa kwanza kuitika.